Kuta za Topeka Zisizo na Saini

Katika ghorofa ya pili ya jengo la bunge la jimbo la Kansas, mjini Topeka, kuna mchoro wa ukutani unaomwonyesha John Brown, yule mpinga utumwa aliyenyongwa tarehe 2 Desemba 1859, akiwa na kimo cha mita tatu hivi, mikono ameitandaza, ndevu zinapeperushwa na upepo, mkono mmoja umeshika Biblia yenye herufi za Alfa na Omega na mwingine umeshika bunduki. Nyuma yake upande mmoja nyika inawaka moto na upande mwingine kimbunga kinashuka. Miguuni pake wamelala maiti wa askari wa Kaskazini na wa Kusini, pande mbili za vita ya utumwa nchini Marekani. Mchoro huo umechapishwa mara nyingi vitabuni, na mwaka 1974 bendi moja ya roki iliyotoka mjini humohumo iliufanya jalada la albamu yake ya kwanza. Hata hivyo, anayeukaribia na kutafuta saini ya aliyeuchora haioni. Mchoraji, John Steuart Curry, alikataa kuitia.

Kisa cha kukataa huko ndicho kinachochambuliwa hapa. Swali lake ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: imekuwaje mtoto wa mkulima wa Kansas, aliyealikwa na Wakansas, kwa fedha zilizochangwa na Wakansas, achore maisha ya Kansas katika jengo kuu la Kansas, kisha aondoke akiwa ameiacha theluthi moja ya mpango wake bila kuguswa? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba wenyeji hawakuelewa sanaa. Jibu hilo naliona la kivivu, kwa sababu linawadharau watu waliokuwa na macho makali kuliko wahakiki wengi, na pia linamwondolea mchoraji sehemu yake ya kosa. Ninavyousoma mwenendo wa mambo, tatizo lilikuwa la umiliki: ukuta ule ulikuwa na wenye wanne, na hakuna siku waliyokaa pamoja kukubaliana nani mwenye neno la mwisho.

Curry alizaliwa tarehe 14 Novemba 1897 katika shamba karibu na Dunavant, si mbali na Topeka, akiwa kifungua mimba wa watoto watano. Wazazi wake walikuwa Wapresbiteri wa msimamo mkali, lakini walikuwa wamefika Ulaya walipokwenda fungate na kurudi na nakala za picha za wachoraji wakubwa wa zamani wa Ulaya, akiwamo Rubens. Kwa hiyo mtoto alikua akiona ukutani miili iliyojaa misuli na mawingu yanayochafuka, na nje ya dirisha akiona farasi, nguruwe na mawingu ya aina hiyohiyo. Alisoma uchoraji Kansas City na Chicago, na kuanzia 1921 hadi 1926 alijipatia riziki kwa kuchora picha za hadithi za magazetini. Kisha akaenda Paris mwaka mmoja kujifunza upya kuchora mwili wa binadamu, na aliporudi akaishi Westport, Connecticut, pwani ya mashariki, mbali kabisa na ngano.

Ni huko Westport, mwaka 1928, alikochora picha iliyomtoa: ubatizo uliofanyika uani mwa shamba la Kansas, msichana aliyevaa nguo nyeupe akiingizwa katika tangi la maji ya mifugo, majirani wamelizunguka wakiimba, na magari yao yameegeshwa nyuma. Aliukumbuka ubatizo aliouona mwaka 1915. Gertrude Vanderbilt Whitney, tajiri wa New York aliyekuwa akianzisha jumba lake la makumbusho, aliinunua picha hiyo na akamlipa mchoraji dola 50 kwa wiki kwa miaka miwili ili achore bila kuhangaikia chakula. Mwaka 1929 ikafuata picha ya familia ikikimbilia handaki huku kimbunga kikija. Mwezi Desemba 1934 jarida la Time liliandika juu yake pamoja na Thomas Hart Benton wa Missouri na Grant Wood wa Iowa, likiwatambulisha kama watu watatu waliokuwa wakiirudisha sanaa ya Marekani mashambani.

Hapa pana jambo ambalo mchambuzi hapaswi kulipita haraka, kwa kuwa mbegu ya mgogoro imo humo. Sifa za Curry kama mchoraji wa Kansas zilitolewa New York, zikalipwa New York, na picha zenyewe zikatundikwa New York. Walioko Kansas walipoziona mwaka 1931, wapo waliouliza kwa nini mwana wa nyumbani amechagua vimbunga na ushupavu wa dini, yaani mambo yaleyale ambayo watu wa pwani waliyacheka. Picha ya turubai haidaiwi na mtu kama huyo, kwani mnunuzi mmoja anatosha, asiyeipenda haimhusu. Kwa miaka tisa Curry alifanya kazi katika mfumo huo, akazoea kwamba akiridhika yeye na akiridhika mnunuzi, kazi imekwisha. Mchoro wa ukutani katika jengo la serikali hauendi hivyo.

Mwaka 1937 wahariri wa magazeti ya Kansas, kinara wao akiwa William Allen White wa Emporia, walianzisha kampeni ya kumrudisha Curry nyumbani achore picha kwenye kuta za jengo la bunge. Jirani zao wa Missouri walikuwa wamekwisha kufanya hivyo: mwaka 1936 Benton alimaliza historia ya jimbo lake katika sebule ya wabunge mjini Jefferson City, kwa malipo ya dola 16,000 yaliyoidhinishwa na bunge lenyewe. Kansas iliiga wazo lakini haikuiga utaratibu. Badala ya kutenga fedha za umma, katika miaka ya ukame na vumbi ambapo hakuna mwanasiasa aliyetaka kuonekana akitumia kodi kwa picha, ilikubaliwa kwamba magazeti yachangishe kwa wasomaji wao. Gavana Walter Huxman aliunga mkono, kamati ikaundwa, na Curry akapewa kazi.

Ukiupanga mpangilio huo mezani, wenye ukuta wanaonekana wazi. Wachangiaji walitoa fedha, wakitafutiwa na wahariri walioona picha kama heshima ya jimbo. Kamati ilimchagua mchoraji na kupokea michoro yake ya awali. Bunge na viongozi wa serikali walikuwa wenye jengo, lakini hawakuwa wametoa senti, kwa hiyo hawakuwa na la kupoteza wakibadili msimamo. Mchoraji ndiye aliyekuwa na wazo. Makubaliano yaliyofungwa na mmoja hayakumfunga mwingine, na Curry, kwa furaha ya kuitwa nyumbani baada ya miaka ya kuonekana mgeni, alichukua ndiyo ya kamati kana kwamba ni ndiyo ya kila tofali.

Mpango wake ulikuwa na sehemu tatu. Kwenye ushoroba wa mashariki angechora utangulizi wa msiba: Coronado, Mhispania aliyefika nyika hizo mwaka 1541, padri Padilla aliyeambatana naye, mwindaji wa nyati, kisha John Brown na vita ya utumwa. Kwenye ushoroba wa magharibi angechora Kansas ya wakati wake, yenye familia ya wakulima jioni, ngano, mifugo na machweo. Yeye mwenyewe aliieleza kama nyumba na shamba lisilo na rehani. Katika miaka ambayo benki zilikuwa zikitwaa mashamba kwa madeni, maneno hayo machache yana uzito mkubwa kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu yanaonyesha kwamba sehemu ile tulivu haikuwa picha ya hali ilivyokuwa. Ilikuwa dua. Sehemu ya tatu, yenye paneli nane, ingekaa katika ukumbi wa kuba unaounganisha shoroba mbili, na ndani yake wangeonekana walowezi wakiifungua ardhi, wakiipigania, na hatimaye wakiiona ikipeperuka kwa mmomonyoko. Kwa maneno mengine, ukumbi wa kati ndio uliokuwa na hoja: unatoka kwenye damu ya Brown, unapita kwenye jembe na vumbi, unafika kwenye jioni ya amani. Bila ukumbi huo, pande mbili zinabaki kama sentensi iliyokatwa kitenzi.

Malalamiko yalianza michoro ya awali ilipoonyeshwa, kabla rangi haijafika ukutani. Makubwa yalihusu Brown. Wapo waliosema kwamba mtu huyu aliyewaongoza wenzake kuwaua watu watano karibu na kijito cha Pottawatomie usiku wa Mei 1856 hastahili kuwa sura ya jimbo, na wengine wakasema kuwa hata akistahili asichorwe kama mwendawazimu. Nadhani hoja hii ilikuwa ya haki kuisikiliza, na nadhani pia Curry aliijibu ndani ya mchoro wenyewe kuliko alivyowahi kuijibu kwa maneno: Brown wake si shujaa wa sanamu wala si mhalifu, bali ni mtu aliyeingiwa na jambo kubwa kuliko yeye, na maiti walio chini yake ni wa pande zote mbili. Kimbunga nacho kikaongezwa kwenye mashitaka, kwa vile watu walikwisha kuchoka kujulikana kwa upepo.

Lakini malalamiko yanayokumbukwa zaidi ni madogo, na hayo ndiyo yanayonivutia. Walisema fahali wa aina ya Hereford ni mwekundu kupita kiasi. Walisema sketi ya mke wa mkulima ni fupi mno. Walisema mkia wa nguruwe haujipindi kwa namna ile. Waandishi wa baadaye wameyageuza haya kuwa kichekesho, kana kwamba ni ushahidi wa ushamba, ilhali mtu aliyelea nguruwe maisha yake yote ana haki ya kuzungumzia mkia wa nguruwe. Katika somo hilo yeye ndiye mhakiki mwenye sifa. Zaidi ya hapo, mtu asiyezoea kuzungumza lugha ya muundo na mizani ya rangi, akiudhika na picha, ataisema hasira yake kwa lugha anayoimudu. Chini ya mkia wa nguruwe kulikuwa na swali ambalo halikuulizwa kwa sauti: wewe uliyeondoka hapa ukiwa kijana, ukakaa Chicago, Paris na Connecticut, bado unatujua?

Swali hilo lilimuuma kwa sababu maalumu. Tangu 1936 Curry alikuwa mchoraji mkazi wa chuo cha kilimo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, nafasi ya kwanza ya aina yake katika chuo kikuu nchini Marekani, kwa mshahara wa dola 4,000 kwa mwaka. Hakuwa na ratiba ya vipindi. Kazi yake ilikuwa kuchora, kutembelea wakulima, kuangalia picha walizochora wenyewe baada ya kazi za shamba na kuwatia moyo. Kutokana na juhudi hizo, alizozifanya pamoja na John Barton, mtaalamu wa jamii za vijijini, maonyesho ya sanaa ya wakulima yalianza mwaka 1940. Basi mtu aliyekuwa akiishi miongoni mwa mabingwa wa ufugaji alikuwa akiambiwa na watu wa kwao kwamba hamjui nguruwe. Mwingine angecheka. Curry, ambaye waliomfahamu wanamweleza kuwa mtu mwenye mashaka juu ya kazi yake hata alipokuwa kileleni, hakucheka.

Hata hivyo, michoro ya Topeka haikusimamishwa na nguruwe. Kufikia 1940 Brown alikuwa ukutani, fahali na sketi vikabaki kama alivyotaka, na bado kazi ingeweza kumalizika. Kilichoisimamisha ni marumaru. Kuta za ukumbi wa kuba zilikuwa zimefunikwa kwa vipande vya marumaru kutoka Italia, na paneli zake nane zilihitaji baadhi ya vipande hivyo viondolewe ili picha zishuke hadi kimo ambacho macho ya mtu anayepita yangezikuta. Mwaka 1941 bunge lilikataa. Hakuna aliyehitaji kusema kwamba haipendi picha. Ilitosha kusema kwamba marumaru ni ghali na ni nzuri, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kwa mtu anayechambua migogoro ya namna hii, hapa ndipo pa kujifunza jinsi uamuzi wa ladha unavyovaa nguo za uamuzi wa ujenzi.

Na hapa ndipo lilipo kosa la Curry na kamati yake. Marumaru hayakujificha, yalikuwa ukutani siku alipoonyeshwa jengo. Ruhusa ya kuyaondoa ilipaswa kuombwa mwaka 1937, wakati magazeti yote yalikuwa upande wake, gavana yuko pamoja naye na wabunge hawataki kuonekana wachoyo. Badala yake alianza na sehemu zisizohitaji ruhusa ya mtu, akaiacha ngumu iwe ya mwisho, akiamini pengine kwamba uzuri wa zilizokamilika ungemfungulia njia. Ikawa kinyume, kwa sababu kila mchoro uliokamilika ulimwongezea maadui waliokuwa wakiingojea nafasi.

Ukilinganisha na Missouri, tofauti inajieleza. Benton naye alishambuliwa vikali; aliingiza jambazi Jesse James na bwana mkubwa wa siasa za Kansas City, Tom Pendergast, na wapo waliotaka kuta zake zipakwe chokaa. Lakini aliyemlipa alikuwa ndiye mwenye jengo, na kelele zilipofika kileleni kazi ilikuwa imekwisha. Kilichomalizika kinahitaji mtu mwenye ujasiri wa kukifuta. Kisichomalizika kinahitaji tu mtu wa kutofanya lolote.

Mfano wa pili uko katika maisha ya Curry mwenyewe, nao ni mzuri zaidi kwa sababu mchoraji ni yuleyule na mada ni ya jamii ileile. Alipopewa kazi ya kuchora katika jengo la Wizara ya Sheria mjini Washington, alipendekeza picha ya kuachiwa huru kwa watumwa: mtu mweusi amesimama kati ya umati, mikono juu, vita imemzunguka. Maofisa waliikataa kwa kuogopa hisia za kibaguzi zingeamshwa, akachora mada nyingine. Wazo lile halikufa. Mkuu wa shule ya sheria ya Wisconsin, Lloyd Garrison, ambaye babu wa baba yake alikuwa mpinga utumwa mashuhuri William Lloyd Garrison, alilitaka kwa ajili ya maktaba ya shule yake, na mwaka 1942 lilikamilika Madison. Kule mwenye ukuta alikuwa mmoja, alijua anachokitaka, na alikuwa na sababu ya moyoni ya kukitaka. Mwaka huohuo mandhari yake ya mashamba ya Wisconsin ilipata tuzo katika maonyesho makubwa ya jumba la Metropolitan, New York. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba mkono wake ulikuwa umechoka.

Kuhusu kutotia saini, maelezo yake yalikuwa mafupi: kazi haijakamilika na haiwakilishi wazo lake la kweli, kwa hiyo haitii jina. Lakini katika maelezo yaleyale alisema anaamini kwamba katika vipande vile, hasa cha John Brown, amefanya uchoraji bora kuliko wote aliowahi kuufanya. Wapo wanaoziona kauli hizi kuwa zinapingana. Mimi sizioni hivyo. Mchoraji wa turubai aliyefanikiwa huhukumiwa picha moja moja, na kwa kipimo hicho Brown alikuwa ushindi. Mchoraji wa ukutani huhukumiwa kwa chumba kizima, na chumba hakikuwapo. Curry alijihukumu kwa vipimo vyote viwili, akajipa alama mbili tofauti, na alikuwa sahihi katika zote. Kwa maoni yangu pia ilikuwa silaha pekee aliyobakiwa nayo: hakuwa na fedha za kurudisha, hakuwa na ukuta wa kuchukua, hakuwa na sheria ya kumlinda; alikuwa na jina.

Alikufa kwa maradhi ya moyo tarehe 29 Agosti 1946, mjini Madison, akiwa na umri wa miaka 48. Sitaki kudai kwamba Topeka ndiyo iliyomuua, ingawa madai hayo yapo. Moyo wa mtu una mizigo mingi, na mke wake wa kwanza alikuwa amefariki mwaka 1932.

Jimbo halikuacha kuta zake tupu. Kati ya 1951 na 1953 David Overmyer alichora historia ya Kansas katika ghorofa ya kwanza, michoro isiyomkera mtu. Ukumbi wa kuba wa ghorofa ya pili ulingoja hadi 1978, Lumen Martin Winter alipokamilisha paneli nane mahali ambapo Curry alikusudia kuweka nane zake. Ni kazi ya heshima, lakini haikuchorwa kuunganisha Brown na jioni ya shamba lisilo na rehani, na mtu anayetoka ushoroba mmoja kwenda mwingine huhisi kwamba amepita katika mazungumzo ya watu wengine. Mwaka 1992 bunge la Kansas lilitoa tamko la kuomba radhi kwa jinsi mchoraji alivyotendewa, na michoro yake ya awali ya jengo lile ikanunuliwa. Radhi ilipofika, Curry alikuwa amekwisha kufa miaka 46, na pembe za michoro yake miwili zilikuwa bado tupu.